Magego ya mwisho: Anayopaswa kujua mgonjwa kabla ya kung'olewa

HAPO zamani, kijana wa Kijaluo aliyekaribia kubalehe katika sehemu ambazo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori alijua kwamba siku yake ingewadia. Angeketishwa chini, kichwa kishikwe imara, kisha fundi aliyeijua kazi hiyo amng'oe meno sita ya mbele ya taya la chini kwa kipande cha chuma. Hapakuwa na ganzi, na kulia kulihesabiwa aibu. Desturi hiyo, iliyoitwa nak, ilikuwa alama ya kuuacha utoto, na kwa jamii isiyotahiri vijana wake ilishika nafasi ya jando. Wazee waliitolea sababu nyingine pia: mtu aliyefungwa kinywa na pepopunda angeweza kunyweshwa uji na dawa kupitia pengo hilo.

Shule na makanisa yaliififisha desturi hiyo katika karne ya 20, na sasa imebaki katika masimulizi. Hata hivyo, vijana wa maeneo hayo hawajaepukana na koleo. Tofauti ni kwamba meno yanayowapeleka kwa mng'oaji siku hizi hayako mbele bali nyuma kabisa ya kinywa. Hayo ni magego ya mwisho, ambayo wengi huyaita meno ya hekima, na Waarabu huyaita magego ya akili, kwa kuwa humwota mtu akiwa amekwisha kupata utu uzima, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25.

Si kila mtu huyapata yote manne. Wapo wanaoota mawili au matatu, na wapo wasioota hata moja maishani. Ulimwenguni, takriban mtu mmoja kati ya watano hukosa angalau moja, ingawa miongoni mwa Waafrika upungufu huo ni nadra zaidi. Kukosa gego hilo si ugonjwa wala si dalili ya upungufu wa akili, licha ya mzaha ambao vijana hutaniana nao.

Tatizo huanza pale gego linapotaka kutoka na kukuta nafasi imekwisha. Baadhi hulala ubavu chini ya ufizi na kulielekea gego jirani kana kwamba yanataka kulisukuma. Mengine hutokeza nusu na kukwama hapo. Mengine husalia ndani ya mfupa wa taya bila kumsumbua mwenyewe, naye asijue kuwa anayo hadi siku atakapopigwa picha ya eksirei kwa sababu nyingine.

Kwa nini taya limekuwa dogo?

Pengine hakuna mahali Afrika Mashariki panapofaa kuulizia swali hilo kuliko rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria. Huko Nyayanga, watafiti walifukua magego mawili makubwa ya kiumbe wa jamii ya Paranthropus, jamaa wa mbali wa binadamu aliyetoweka zamani. Magego hayo yalipatikana pamoja na zana za mawe na mifupa ya viboko waliochunwa nyama, na matokeo ya uchunguzi yalichapishwa Februari 2023. Umri wa mabaki hayo ulikadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kiumbe huyo alikuwa na mataya mapana na magego ya kusaga vyakula vigumu, na kwake gego la tatu lilikuwa chombo cha kazi kama mengine.

Si mbali na hapo, mahali paitwapo Kanam, msafara wa Louis Leakey uliokota kipande cha taya mwaka wa 1932. Mtu wa kwanza kukiona alikuwa Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa msafara huo. Mjadala kuhusu umri wa taya hilo ulidumu miaka mingi, lakini jambo moja halikupingwa: kidevuni palikuwa na uvimbe wa mfupa, ushahidi kwamba maradhi ya taya hayakuanza jana wala juzi katika ufuo huo wa ziwa.

Binadamu alipojifunza kuvisaga, kuviloweka na kuvipika vyakula vyake, meno yalipunguziwa kazi. Mfupa wa taya, sawa na misuli ya mkono, hukua kwa kutumiwa. Mtoto anayetafuna vyakula vigumu tangu utotoni hupata taya lenye nafasi zaidi kuliko yule aliyelelewa kwa mkate laini na uji. Ukubwa wa magego, kwa upande wake, hutegemea zaidi urithi wa wazazi, hivyo taya likipungua magego hayapungui kwa kiasi hicho hicho, na la mwisho kufika ndilo linalokosa mahali pa kukaa.

Huenda msomaji wa Awendo, anakozaliwa na kukulia katikati ya mashamba ya miwa ya kiwanda cha Sony, akasema kwamba watoto wa kwao hutafuna miwa mchana kutwa, kwa hivyo hawana la kuogopa. Kutafuna kwenyewe ni zoezi jema kwa taya. Sukari inayobaki kinywani ndiyo hasara, kwa maana huozesha meno yale yale, na gego la mwisho lililojificha pembeni ndilo mswaki huchelewa kulifikia.

Maumivu ya kawaida na yale ya hatari

Chukulia kijana wa miaka 22 anayeendesha bodaboda mjini Rongo. Anaamka asubuhi akihisi maumivu nyuma ya taya, ufizi umevimba, na kila akiuma, gego la juu linaukandamiza ufizi uliovimba chini. Mdomo unanuka na una ladha chungu. Hapo gego limetokeza nusu tu, na kipande cha ufizi kimelifunika mithili ya kifuniko. Chini ya kifuniko hicho hujificha mabaki ya chakula, na vijidudu huzaana. Hii ndiyo sababu kuu inayowapeleka vijana kwa daktari wa meno kwa ajili ya gego la mwisho.

Mara nyingi hali hiyo hutulizwa kwa kusafishwa sehemu hiyo na daktari, kusukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi na kumeza dawa ya maumivu. Ikitokea mara moja na kutoweka, huenda gego likaendelea kutoka na tatizo likaisha. Ikirudi mara ya pili na ya tatu, kuling'oa huwa na maana.

Lakini ipo hali nyingine ambayo haipaswi kusubiri hata usiku mmoja. Usaha unaoanzia kwenye gego la chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Mgonjwa huvimba chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi huinuliwa juu, mate humtiririka kwa kuwa kumeza kunamshinda, sauti hubadilika, na hatimaye njia ya hewa huziba. Watu hufa kwa ugonjwa huo, na hufa kwa jino. Mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo, au asiyeweza kufungua kinywa zaidi ya upana wa kidole kimoja huku akiwa na homa kali, anahitaji kufikishwa hospitali kubwa mara moja, haidhuru ni saa nane usiku. Duka la dawa halimtoshi, na kumkanda kwa maji ya moto ni kumpotezea muda.

Kwa bahati mbaya, wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Huanza kwa kununua vidonge viwili vitatu vya viuavijasumu dukani, maumivu yakapungua, dozi wakaiacha njiani. Wiki tatu baadaye maumivu hurudi yakiwa makali kuliko awali. Viuavijasumu huwapunguza wadudu, lakini haviondoi kilichowaleta. Chanzo kikiendelea kukaa kinywani, maradhi yatarejea.

Je, ni lazima ling'olewe?

La, si lazima. Gego lililotoka lote, lililosimama wima, lenye mwenza wa kuumana naye na linalofikiwa na mswaki, ni gego kama mengine. Hata lile lililozikwa mfupani bila kuleta madhara linaweza kuachwa, mradi lichunguzwe mara kwa mara. Zamani katika nchi tajiri vijana waling'olewa yote manne kwa tahadhari tu. Uingereza ilibadili msimamo huo mwaka wa 2000, pale taasisi inayoshauri huduma yake ya afya ya umma ilipopendekeza kwamba magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasing'olewe, kwa sababu kila upasuaji una hatari zake na haifai mtu abebeshwe hatari hizo pasipo faida.

Sababu za kung'oa zinazokubalika ni hizi: ufizi unaovimba mara kwa mara, kuoza kusikoweza kuzibwa, gego linaloliozesha au kuliharibu lililo jirani, usaha, na uvimbe wa majimaji unaokua ndani ya taya kulizunguka. Dhana kwamba magego ya mwisho huyasukuma meno ya mbele yakapindana imekaa miaka mingi vinywani mwa watu, lakini tafiti hazijaiunga mkono vya kutosha kuifanya sababu ya kumpasua mtu.

Inafaa kuongeza hapa kwamba Afrika Mashariki imekwisha kuona madhara ya kung'oa meno yasiyo na kosa. Nchini Tanzania watoto wachanga wenye homa na kuhara wamekuwa wakitobolewa ufizi ili kutolewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, na nchini Uganda desturi kama hiyo hujulikana kama ebino. Kinachotolewa ni chembe cha jino halisi la chonge ambalo halijaota, na mtoto huachwa na jeraha, damu imemtoka, ugonjwa wake ukiwa haujatibiwa. Kwa mtu mzima mwenye gego la mwisho swali ni lile lile: je, jino hili ndilo lenye ugonjwa?

Kabla ya siku yenyewe

Kaunti zote mbili zina hospitali za rufaa, ile ya Migori mjini Migori na ile ya mafunzo na rufaa mjini Homa Bay, mbali na hospitali za kimishenari na kliniki za kibinafsi. Tangu mwaka wa 2013, serikali za kaunti ndizo zinazosimamia hospitali hizo. Gego lililosimama sawa linaweza kung'olewa na daktari wa meno wa kawaida. Lililolala mfupani au lenye mizizi iliyopinda huhitaji mpasuaji wa kinywa na taya, na mgonjwa huenda akaelekezwa Kisumu, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au hata Nairobi.

Mgonjwa ana haki ya kujua anayemshughulikia ni nani. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, KMPDC, huweka orodha ya waliosajiliwa, na yeyote anaweza kuiuliza. Jambo hili si la urasimu mtupu. Masokoni bado wamo wang'oaji wasio na mafunzo, ambao chombo walichomtumia mteja wa kwanza humtumia wa pili baada ya kukipangusa kwa kitambaa. Katika eneo ambalo virusi vya Ukimwi vimeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, huo ni mchezo na mauti. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay alikuwa akiishi na virusi hivyo. Virusi vya homa ya ini hupitia njia hiyo hiyo.

Picha ya eksirei ni ya lazima kwa gego lililofichika. Ndani ya taya la chini, chini ya mizizi ya magego, hupita neva inayoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu. Picha humwonyesha daktari umbali wa mizizi kutoka kwa neva hiyo. Mizizi ikiwa imeigusa, anaweza kuamua kukata kichwa cha gego na kuiacha mizizi mfupani makusudi, badala ya kuichokoa na kuijeruhi neva. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mzizi umeachwa asidhani amedanganywa, aulize sababu.

Juu ya yote, mgonjwa aseme ukweli kuhusu afya yake. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na kumeza dawa zake vyema anaweza kung'olewa jino kama mtu mwingine yeyote, na kuficha hali hiyo hakumsaidii; huenda daktari akataka tu kuangalia kinga yake na dawa atakazompa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona polepole na hushambuliwa na usaha kwa urahisi, kwa hivyo sukari hushushwa kwanza. Mwenye shinikizo la damu la juu hupimwa kabla ya kudungwa ganzi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake, kwa maana kiharusi ni kibaya kuliko damu ya fizi. Aliyewahi kubadilishiwa vali ya moyo huhitaji dawa maalumu saa moja hivi kabla ya kuguswa. Mgonjwa wa saratani aliyepewa dawa za kuimarisha mifupa naye aseme, kwa kuwa taya lake laweza kukataa kupona.

Seli mundu ni jambo la kutajwa peke yake. Ugonjwa huo wa damu umeenea katika ukanda wa Ziwa Victoria, na familia nyingi za Homa Bay na Migori zinaufahamu kwa uchungu. Kwa mwenye seli mundu, usaha wa jino, baridi, kiu na wasiwasi vinaweza kuamsha maumivu makali ya mwili mzima. Hilo halimzuii kung'olewa. Kinachotakiwa ni kupanga: anywe maji ya kutosha, asikae na njaa kupita kiasi, ajulishwe daktari anayemtibu, na kazi ifanyike hospitalini panapoweza kupatikana msaada. Kuliacha jino likitunga usaha ndani ya mwili wa namna hiyo ni hatari kuliko kuling'oa.

Mwanamke mjamzito anaweza kutibiwa. Miezi ya katikati ya ujauzito ndiyo mwafaka kwa shughuli isiyo ya dharura, lakini usaha hautazami kalenda, nao hutibiwa wakati wowote.

Kuhusu gharama, busara ni kuuliza mapema na kutaka mchanganuo: picha, ganzi, upasuaji, dawa, na ziara ya marudio. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na walio na kumbukumbu za bima ya zamani wasikisie kwamba mambo yamebaki vile vile. Hospitali yenyewe ndiyo itakayosema ni kipi kinacholipiwa na kipi mgonjwa atakitoa mfukoni.

Kitini

Mtu atakayedungwa ganzi ya kawaida kinywani hahitaji kwenda na njaa. Kula chakula chepesi ni bora, kwa kuwa wengi wanaozirai kitini huzirai kwa woga na tumbo tupu. Anayelazwa usingizi kabisa ndiye anayeagizwa kufunga, na maagizo hayo yafuatwe bila mkato.

Sindano yenyewe huuma kwa muda mfupi. Baada ya dakika chache mdomo wa chini hufa ganzi, ukawa kama wa mtu mwingine. Ganzi huondoa maumivu lakini haiondoi hisia ya kusukumwa, na hapa ndipo wengi hutishika: husikia taya likivutwa, husikia mlio wa mfupa, wakadhani dawa haijashika. Kinachouma kwa ukali ndicho cha kuripotiwa, kwa kuinua mkono, na daktari ataongeza dawa. Gego lililolala hukatwa vipande viwili au vitatu na kutolewa kimoja kimoja, kupitia tundu dogo lililochongwa mfupani. Kisha ufizi hushonwa. Kazi yaweza kuchukua dakika 20, au ikapita saa nzima.

Siku zinazofuata

Mafanikio ya shughuli nzima hutegemea bonge dogo la damu iliyoganda ndani ya tundu. Hilo ndilo kifuniko cha mfupa na mwanzo wa nyama mpya. Likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi na kuanzia siku ya tatu au ya nne hutokea maumivu yanayopanda hadi sikioni, yasiyosikia dawa za kawaida, pamoja na harufu mbaya. Hali hiyo huitwa tundu kavu, na hutokea zaidi katika magego ya chini, kwa wavutaji sigara, na kwa wanawake wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi. Haiui, lakini hunyima usingizi. Dawa yake ni kurudi kwa daktari asafishe na kuweka kitulizo, wala si kununua viuavijasumu vingine.

Kwa hivyo, shashi aliyopewa mgonjwa aiume kwa nusu saa hadi dakika 45 bila kuichungulia kila mara. Damu ikiendelea kutoka, aume nyingine safi kwa muda kama huo. Asipokuwa na shashi, kifuko cha majani ya chai kilicholoweshwa na kukamuliwa hufaa, kwani chai husaidia kukaza mishipa midogo. Mate mekundu siku ya kwanza si jambo la kushtua. Damu nyekundu inayojaza kinywa saa baada ya saa ndiyo ya kumrudisha hospitali.

Kwa saa 24 za kwanza asisukutue, asiteme kwa nguvu, wala asifyonze kitu kwa mrija. Katazo la mrija lina uzito wake katika nchi ya Wajaluo, ambako wazee waliizunguka pombe ya kienyeji na kuifyonza kwa mirija mirefu iitwayo oseke. Mfyonzo mmoja wa nguvu unatosha kuling'oa bonge la damu. Pombe ya aina yoyote iachwe, hasa kwa aliyeandikiwa metronidazoli, kwa kuwa mchanganyiko wa viwili hivyo waweza kumtapisha na kumwendesha moyo mbio. Sigara, ugoro na miraa navyo visubiri, ikiwezekana wiki nzima.

Baada ya siku ya kwanza, kusukutua taratibu kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, hasa baada ya kula, husaidia. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida. Chakula kiwe laini na kisicho moto: uji wa wimbi uliopoa, viazi vitamu vilivyopondwa, ugali laini kwa mchuzi wa samaki aliyeondolewa miiba. Nyoyo, karanga, na omena waliokaangwa wakakauka wataingia tunduni na kukaa.

Uvimbe wa shavu huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu ndipo upungue. Taya hukaza, na kinywa hakifunguki vizuri kwa siku kadhaa. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 kwa vipindi, hupunguza uvimbe siku ya kwanza; wavuvi wa Mbita na Sindo wanajua pa kuipata. Paracetamoli na ibuprofeni, zikimezwa kwa kipimo kilichoelekezwa, huwatosha wengi. Wenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au mimba kubwa wasiguse ibuprofeni. Aspirini iepukwe kama dawa ya maumivu kwa kuwa huchochea damu kutoka, ila aliyeandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo asiiache.

Homa baada ya kung'olewa jino huwatatiza watu wa ukanda wa ziwa. Hili ni eneo la malaria, kiasi kwamba chanjo ya ugonjwa huo ilipozinduliwa nchini Septemba 2019, uzinduzi ulifanyiwa Homa Bay. Mwenye joto la mwili hukimbilia dawa za malaria, kumbe ni usaha wa tundu. Au hulilaumu jino, kumbe ni mbu. Suluhisho ni kupimwa damu, na kinywa kutazamwa siku hiyo hiyo.

Wako ambao ganzi huwaisha lakini sehemu ya mdomo au ulimi ikabaki imekufa. Ganzi ya kawaida huisha baada ya saa mbili hadi tano. Ikipita siku nzima, daktari ajulishwe, maana huenda neva imeguswa. Wengi wao hupata nafuu baada ya wiki au miezi, na wachache sana, chini ya mmoja kwa kila mia, hubaki hivyo daima. Hatari hiyo inapaswa kutajwa kabla ya mgonjwa kutia sahihi, wala si baadaye.

Kazi ni suala ambalo madaktari hulitaja kwa haraka mno. Kuambiwa "pumzika" hakumwelezi chochote mtu anayeshuka kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder, au anayevuta nyavu usiku kucha. Kuinama na kuinua mizigo hupandisha damu kichwani na kuanzisha upya utokaji wa damu. Kwa gego lililopasuliwa, siku tatu ni kiwango cha chini. Kwa kazi nzito, wiki moja. Anayeishi kisiwani Mfangano, ambako safari ni ya mashua, afanye mpango wa kulala kwa jamaa Mbita au Homa Bay usiku wa kwanza, kwa kuwa damu ikimtoka usiku wa manane hatapata chombo. Mkazi wa Rusinga ana daraja, naye ana nafuu. Aliyepewa dawa ya usingizi asijiendeshe pikipiki kurudi nyumbani, hata akijiona mzima.

Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya siku saba hivi, na ni vyema kuuliza ni zipi zilizotumika. Ufizi hufunika tundu kwa muda wa wiki tatu au nne, huku mfupa ukichukua miezi kadhaa kulijaza. Katika kipindi hicho chakula kitaingia humo, hasa ugali, na kijiti si chombo cha kukitolea. Bomba la sindano lisilo na sindano, lililojazwa maji ya chumvi na kuelekezwa tunduni polepole kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, hufanya kazi hiyo bila kuchokonoa kidonda.